Nge hauliza kama uko ku kazi ao ku nyumba

Mvua ikianza mu mwezi wa 10, hapa kwetu Katanga kila mutu anajua kitu gani kinafuata. Maji inaingia mu mashimo, na vidudu vinatafuta pahali pakavu. Nge anajificha mu kiatu, tandu anapanda ku ukuta, nyoka anafuata panya mpaka chini ya kitanda. Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, Fungurume, habari ni ile ile.

Sisi tunasema hivi: usalama wenye tunajifunza ku mugodi usibakie ku mulango wa mugodi. Uingie na sisi mpaka mu lupango.

Ku kazi, mutu hatie mukono chini ya jiwe bila kuangalia. Anavaa boti, anavaa kofia, mukubwa wake anarudilia maneno ya usalama kila siku. Jioni, mutu ule ule anafika ku nyumba, anaacha boti inje, na asubui anaingiza muguu bila kuikung'uta. Mutoto wake analala ku matela chini, karibu na matofali yenye inangojea kujenga jiko tangu mwaka jana.

Na wenye kuchimba kwa mikono, je? Kule Kasulo, mu Kolwezi, tangu 2014 wakati watu walivumbua kobalti chini ya manyumba, lupango mingi ilichimbwa. Kila shimo iko na rundo yake ya mawe. Nge hatafute kitu ingine: jiwe, giza, na pahali pa kulala muchana. Mawe yenye inatulisha, yeye anaigeuza nyumba.

Kisha mutoto anaumwa, na maneno inaanza: «Ile haiko nge ya bure, kuko mutu aliituma.» Watu wanaanza kuangalia mama muzee wa pembeni. Hapo tunakataa kabisa. Nge hatumwe na mutu. Anatoka usiku kuwinda mende na buibui, na pahali kuko takataka, mende haikosi. Mama muzee anaweza kufukuzwa, anaweza hata kupigwa, lakini nge anabakia mule mule mu matofali. Na wakati tunatafuta mulozi, saa inapita juu ya mutoto.

Tuseme pia juu ya wembe, kamba na jiwe nyeusi. Hakuna hata moja yenye inatoa sumu. Wembe inaongeza kidonda, kamba inakataza damu kupita. Nge akikuuma, osha na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, tulia. Mutu mukubwa mwenye anasikia maumivu tu, mara mingi anapona. Lakini mutoto mudogo apelekwe ku hopitali palepale, kwa sababu sumu ni ile ile na mwili ni kidogo. Vilevile mutu yeyote mwenye anatoka mate mingi, anatapika, anatetemeka ao anakosa pumzi. Nge wa kuogopa zaidi ni mwenye mukia munene na mikono myembamba. Kama ni nyoka, mutu asitembee: muguu usichezecheze, kama vile mufupa ulivunjika, na abebwe mara moja.

Tunajua juu ya nini watu wanaanza na wembe. Wembe haiombe feza, na haifunge mulango usiku. Basi tuombe yenye iko haki yetu. Tangu 2017, OMS iliweka kuumwa na nyoka mu liste ya magonjwa yenye kusahauliwa. Inahesabu kati ya watu 81 000 na 138 000 wenye kufa kila mwaka mu dunia. Na Sheria ya migodi ya 2018 inaomba kila kampuni ifanye cahier des charges pamoja na wakaaji, na itoe hata 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Siku ya mukutano ile, tusiombe tu kiwanja cha mupira. Tuombe dawa ya sumu ku kituo cha afya cha kartie, na muuguzi mwenye kulala pale.

Kwa sasa, kuko mambo yenye haiombe mukutano. Kung'uta boti na nguo kila asubui. Ingiza mustikere chini ya matela pande zote: inakataza mbu, inakataza pia nge na nyoka. Ondoa mawe na matofali karibu na ukuta wa nyumba. Usiku, usiende ku choo bila tochi na viatu.

Baba anarudia muzima kutoka mu shimo. Akute mutoto naye muzima ku matela.