Jumba la Mtwana halina nakala ya akiba

Nimepotea kidogo, kazi zilinibana. Leo nina jambo ambalo kwa mbali halionekani kuwa la kompyuta, lakini mkinivumilia mtaona linaishia huko huko.

Juzi rafiki yangu wa Likoni alinitumia picha za Hampi, kule India. Ni magofu ya mji mkuu wa dola ya Vijayanagara, ulioanza karne ya 14 na kuharibiwa vitani mwaka 1565. Mahekalu ya Wahindu, nguzo zilizochongwa, na lile gari la mawe la hekalu la Vittala. Akaniandikia: "Mbona sisi hatuna kitu kama hiki?" Nikamjibu, kaka, panda feri, kisha chukua matatu ya Mtwapa. Ukishavuka daraja, ulizia Jumba.

Mimi nakaa Kisauni, na kwa miaka mingi nilipajua Jumba la Mtwana kama mahali pa safari za shule tu. Kumbe mji ule ulijengwa karne ya 14, wakati ule ule Hampi ikikua, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 15. James Kirkman aliuchimba mwaka 1972. Kuna misikiti minne, kaburi, na nyumba ambazo bado unaweza kuzitambua. Hakuna maandishi ya wakati huo yanayotueleza nani waliujenga wala kwa nini waliondoka. Kilichobaki ni kuta.

Hapo ndipo sisi watengenezaji wa programu tunapoelewa haraka kuliko wengine. Niliwahi kukabidhiwa programu ya kampuni moja ya mizigo huko Changamwe. Aliyeiandika ameshaondoka, na hakuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Ilinibidi niisome mstari kwa mstari mpaka nikaanza kujua kwa nini alifanya hivi na si vile. Magofu nayo yanasomwa hivyo hivyo.

Chukua mfano wa vyumba. Nyumba za mawe za pwani yetu zina vyumba virefu lakini vyembamba. Kwa nini? Dari lilikuwa la mawe na chokaa, zito kweli kweli, na lilibebwa na boriti za mikoko. Boriti haivuki mita tatu hivi bila kulemewa. Kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa na mti wa mkoko, fundi akaufuata.

Au tazama mawe yenyewe. Ukuta wa kawaida ni matumbawe ya nchi kavu, magumu, yameshikanishwa kwa chokaa ambayo nayo imetokana na kuchoma matumbawe. Lakini penye kuhitaji nakshi, kama mihrabu, walitumia matumbawe yaliyotolewa baharini. Hayo yakiwa bado mabichi huchongeka kwa urahisi, kisha yakikauka hukaza. Ongeza visima, mabirika ya kutawadhia na vyoo, utaona kwamba watu hawa walikuwa wamefikiria maji yaingie wapi na yatokee wapi.

Sasa tofauti yetu na Hampi ni hii: wao walijenga kwa graniti, sisi kwa matumbawe na chokaa. Graniti inavumilia. Chokaa haivumilii. Lipu ikishabanduka, mvua inaingia ndani ya ukuta, chumvi inakula, mizizi inapanua ufa. Na mmoja wa misikiti ile ya Jumba uko ufukweni kabisa.

Msiseme natia chumvi. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, tena wakati ukarabati unaendelea, na watu wawili wakafa. Kule Uganda, makaburi ya wafalme ya Kasubi yaliungua tarehe 16 Machi 2010. Lakini mwaka 2009 shirika la CyArk lilikuwa limeshayapima kwa leza. Nyumba iliungua, vipimo vikabaki. Sisi tuliowahi kupoteza diski tunajua maana ya jambo hilo.

Maoni yangu ni kwamba vijana wa kompyuta wa bara hii ya Mombasa, Kisauni, Likoni na Changamwe, tuifanye kazi hii wenyewe. Simu zetu zinatosha kuanzia. Unapiga picha nyingi za ukuta mmoja, kila picha ikirudia sehemu kubwa ya ile iliyotangulia, kisha programu huria kama Meshroom au COLMAP inakutengenezea umbo lake lote. Matokeo yawekwe wazi kwa kila mtu, na maelezo yawe kwa Kiswahili: boriti, kidaka, mihrabu, birika. Maneno tunayo, tena ni ya hapa hapa.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya serikali na wataalamu. Sawa, na wanaifanya. Gedi iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, nami nilifurahi kama wengine. Lakini mahali palipopata jina ndipo kamera zinapokwenda. Jumba halimo kwenye orodha hiyo.

Wengine watasema picha haizuii ukuta kuanguka. Kweli kabisa. Hata nakala ya akiba haizuii diski kufa. Ila ukipima ufa leo, ukarudi mwakani ukaupima tena, utajua kama unapanuka, na utakuwa na namba za kumwonyesha mwenye uwezo wa kuuziba. Na ukuta ukianguka, fundi atajua kila jiwe lilikuwa wapi. Bila hivyo atabuni, na mwenzangu, mimi nimeshaona programu zilizorekebishwa kwa kubuni.

Rafiki yangu wa Likoni amekubali. Tutaanza na barua ya kuomba ruhusa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa maana mahali pale pana wenyewe na pana kaburi. Kamera zitafuata baadaye. Kama una simu yenye nafasi na Jumamosi moja ya kutoa, niandikie hapo chini.

Haya, tuonane Jumba.