Siha ya Jamaa: Nguvu Zinapompungua Mzee

Askari aliyestaafu na kufanya makao yake Jinja hutimiza miaka 60, akaona nguvu za unyumba zinampungua. Hamwambii mkewe neno. Hufunga safari ya Mbale kwa kisingizio cha kumjulia hali mwanawe aliye katika polisi, na huko hununua mizizi ya mulondo pamoja na vidonge visivyo na jina. Mulondo unauzwa Jinja vile vile. Anachokimbia ni macho ya majirani. Mkewe naye, kwa kuwa hakuelezwa, hudhani kwamba amechokwa, au kwamba yuko mwanamke mwingine huko Mbale. Ndivyo nyumba njema inavyoingiwa na ufa.

Yafaa basi jambo hili lielezwe waziwazi. Nguvu za kiume hutegemea, pamoja na mengine, homoni iitwayo testosteroni, itengenezwayo hasa na korodani. Tangu umri wa miaka 30 au 40 homoni hiyo hupungua kidogo kidogo, yapata asilimia 1 kila mwaka. Upungufu huo ni wa kawaida, na wazee wengi huendelea na unyumba wao bila taabu. Ukizidi mno, mtu hupotewa na hamu, huchoka upesi na misuli yake hunywea.

Lakini yuko mzee ambaye hamu anayo, ila mwili haumtii. Huyo mara nyingi ana kasoro katika mishipa ya damu. Mishipa ya kiungo cha kiume ni myembamba kuliko ile ya moyo. Kwa hiyo madhara ya kisukari, shinikizo la damu na tumbaku huweza kuonekana hapo kwanza, pengine miaka kadhaa kabla ya moyo kuugua. Jambo analolificha kwa aibu huenda likawa ndilo onyo la kumwokoa maisha. Pombe nyingi, huzuni na baadhi ya dawa za shinikizo nazo huleta hali hiyo. Hata hivyo asiache dawa zake kabla ya kumwuliza daktari.

Kuhusu mulondo, hakuna majaribio ya kutosha kwa binadamu yaliyothibitisha kwamba unatibu. Vidonge vya kificho ni hatari zaidi. Katika nchi mbalimbali, Uganda ikiwamo, dawa ziitwazo za miti shamba zimeonekana kuchanganywa na sildenafil kwa siri. Mgonjwa wa moyo atumiaye dawa za naitreti akimeza kitu hicho, shinikizo lake huweza kushuka ghafula hata akafa.

Iko Hospitali ya Rufaa Jinja, na nyingine Mbale. Mzee aende apimwe shinikizo na sukari. Testosteroni hupimwa asubuhi, tena kwa siku mbili tofauti, kabla ya kuamua lolote. Sindano za homoni ni za yule aliyethibitishwa kupungukiwa. Hazimfai mwenye saratani ya tezi dume, na hupunguza mbegu za uzazi.

Na kabla ya hospitali, amweleze mkewe. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Aliyestahimili miaka yote ya kambi na uhamisho hatashindwa kusikia neno hili moja, na wakienda pamoja kwa daktari, shaka ya Mbale itakwisha siku hiyo hiyo.