Bustani Iliyotolewa Haikodishwi

Imekuwa ada katika miji yetu kwamba halmashauri ikiishiwa fedha huitupia macho bustani ya umma, ikaihesabu mali iliyolala bure, kisha ikamkabidhi mwenye mtaji. Na Centenary Park ya Kampala, iliyokodishwa ikajaa baa na mikahawa, ikazaa na kesi mahakamani, ni ushahidi uliotutosha. Mimi naliita jambo hili dhuluma.

Watetezi wake husema kwamba maji yana gharama, majani hayajikati, na mfanyabiashara husafisha pale serikali iliposhindwa. Haya, tumesikia.

Lakini natazama Vuga, Unguja, ilipo Victoria Garden. Bustani ile ilikuwa ya Sultani Barghash, faragha ya wanawake wa nyumba yake, mahali ambapo raia wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kutia mguu. Sultani Hamud, aliyekalishwa kitini baada ya mizinga ya Waingereza kuivunja kasri tarehe 27 Agosti 1896, ndiye aliyewapa watu bustani hiyo kwa kuadhimisha jubilii ya Malkia Victoria. Yamkini alikusudia kumridhisha Mwingereza kuliko kumpumzisha hamali wa bandarini. Hata hivyo hiba ikishapokewa ni ya aliyepewa, na nia ya mtoaji hesabu yake iko kwa Mola.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Watu wa pwani wanajua tangu zama za mababu kwamba wakfu hauuzwi, haurithiwi wala hautolewi zawadi, na kwamba msimamizi wake, ajapokuwa na funguo zote mkononi, hamiliki hata jiwe moja la ukuta. Sidai kwamba bustani hizi ziliandikwa wakfu mbele ya kadhi. Nadai kwamba halmashauri ni amini na si mmiliki, na amini anayekodisha amana ili apate fedha ya kuitunza amana hiyo hiyo amekwisha kuila. Akitaka fedha, na akodishe meza za wauza chakula, kama bustani ya Forodhani huko huko Unguja, ambako jioni mishikaki huuzwa na hakuna atozwaye kiingilio kwa kukaa.

Huku kwetu, mama wa Buhehe aliyeteremka mjini Busia na gunia la muhogo, akikosa bustani ya kupumzikia, hukaa kivulini mwa baraza ya duka la mtu, mpaka mwenye duka atoke na ndoo amwagie maji miguuni pake kwa kisingizio cha kuosha sakafu. Mwambieni huyo, enyi waheshimiwa, kwamba kivuli cha mji sasa kina tiketi! Sultani asiyepigiwa kura na mtu yeyote aliweza kulifungua lango. Ninyi mliomwomba mama huyu kura yake mnamwekea bawabu mwenye kitabu cha risiti.