TAARIFA YA TAWI: WENYE MAGARI, TUWAONE BODABODA



Wakati wa kampeni bodaboda ndio wanaotangulia msafara wetu, bendera mbele. Msafara ukiisha, sisi wenye magari tunawapigia honi watupishe. Tunalisema hili kwa sababu wote ni wa tawi hili, na baadhi yao wana kadi za siku nyingi kuliko sisi viongozi.

Wapo bodaboda wakorofi, na hao tutawafuata kijiweni. Leo tunasema na mwenye usukani.

Pale Soko la Ngokolo gari linasimama kando, mlango unafunguliwa ghafla, na pikipiki imeshafika. Dereva, wewe unakaa kulia. Basi fungua mlango kwa mkono wa kushoto. Mwili utageuka wenyewe na utamwona anayekuja nyuma. Abiria wako nao waambie watazame kabla ya kushuka.

Ukitaka kukata kulia, washa indiketa mapema, tazama kioo, kisha geuza shingo, maana pikipiki hujificha pale kioo kisipofika. Ukimpita, mwachie nafasi kama ya gari. Akikwepa shimo atahitaji pa kwenda. Usiku mkikutana, shusha taa. Na kilomita 50 kwa saa kwenye makazi zinatuhusu hata tukichelewa kikao.

Kikao kijacho cha tawi, ajenda hii itafunguliwa na wanachama waendesha bodaboda. Wenye magari tutasikiliza kwanza.

Kamati ya Utendaji ya Tawi, Ngokolo