Kifaa kisicho na siri yake kisiuzwe

MFANYABIASHARA wa dagaa pale Katonga akinunua umeme wa LUKU kwa simu, hupokea tarakimu 20. Akiziingiza kwenye mita yake, umeme unaingia. Jirani akizinakili na kuzibonyeza kwenye mita ya kwake, hazikubali. Mwenyewe akizirudia kesho, mita inazikataa pia.

Tumelizoea jambo hilo kiasi cha kutojiuliza linafanyikaje, hali mita nyingi za aina hiyo hazina intaneti wala laini ya simu. Mita ile ni kompyuta ndogo, tena dhaifu. Lakini kila moja imewekewa ufunguo wake wa siri, na tarakimu zile 20 zimefungwa kwa ufunguo huo. Ndani yake mna alama ya muda zilipotolewa, na mita inakumbuka zilizokwisha kutumika. Mfumo huo, ulioanzia Afrika Kusini, ulikuwa ukihesabu dakika tangu Januari 1, 1993, na hesabu ikawa inajaa Novemba 24, 2024. Ndiyo maana mwaka ule TANESCO ilitutaka tuingize tarakimu za ziada kabla ya tarehe hiyo. Ulikuwa usumbufu, hatukatai, lakini mita ambayo haikufanyiwa hivyo isingepokea umeme mpya.

Tunalieleza hili kwa sababu siku hizi vinauzwa vifaa vingine vidogo vinavyounganishwa na intaneti: kamera za kulinda ghala, vipima joto vya majokofu ya samaki, vifaa vya kuonyesha injini ya boti ilipo. Vingi vya bei nafuu vimetoka kiwandani vikiwa na neno la siri moja kwa vyote. Anayelijua la kimoja amevifungua vyote.

Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliingia katika mamia ya maelfu ya kamera na vifaa kama hivyo duniani kwa kujaribu orodha ya maneno ya siri yapatayo 60 tu. Oktoba mwaka huo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa hazikufikika kwa saa kadhaa. Kwa mvuvi wetu hasara ni nyingine. Mwizi akiweza kuona injini iko wapi na ghala halina mtu saa ngapi, hana haja ya kupeleleza.

Muuzaji atasema ulinzi ni ghali kwa kifaa kidogo. Mita ya LUKU ukutani inamkanusha. Tena Agosti 2025 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikamilisha kiwango kinachotumia mbinu ya Ascon, mahsusi kwa vifaa vyenye uwezo mdogo. Uingereza nayo, tangu Aprili 29, 2024, imepiga marufuku vifaa vya intaneti vya wateja vyenye neno la siri la pamoja la kiwandani. Hofu yetu ni kwamba vitakavyokataliwa huko vitatafuta soko kwingine.

TCRA ndiyo inayoidhinisha vifaa vya mawasiliano nchini, na TBS ndiyo yenye viwango vya bidhaa. Tunavitaka vyombo hivi vihakikishe sharti kama hilo linasimamiwa hadi kwenye maduka ya Kigoma mjini na Ujiji, si bandarini Dar es Salaam tu. Mnunuzi naye aulize kabla ya kutoa fedha: neno hili la siri ni la kifaa hiki peke yake, na ninaweza kulibadilisha? Muuzaji akisita, abaki na kifaa chake.