Fulana ya Baba, Vazi la Mtoto

Ikiwa mtoto hapa Mbwera huona haya kwenda kanisani kwa kukosa nguo, itazameni fulana kuukuu ya babaye. Kanga ikikatwa hufumuka nyuzi. Fulana haifumuki upesi, kwa kuwa uzi wake umeshikana kwa vitanzi. Basi ifueni kwanza, maana yaweza kurudi. Ikaushwapo, ikunjeni katikati juu ya mkeka, na juu yake nguo imtoshayo mtoto, imekunjwa vivyo hivyo. Tieni alama kwa mkaa, mkiacha vidole viwili vya mshono. Shingo ikateni ndogo, kwani hutanuka. Dorkasi wa Yafa alishonea wajane. Nasi tuwashonee wadogo wetu.