Mifupa Chini ya Ofisi ya Serikali
Jengo la serikali kuu ya Marekani katika mtaa wa Broadway, namba 290, New York, limejengwa juu ya makaburi ya Waafrika, wengi wao watumwa. Mifupa ilifukuliwa msingi ulipochimbwa mwaka 1991. Mabaki ya watu 419 yalizikwa upya mwaka 2003. Leo ghorofa ya chini ina maonyesho ya historia yao, bila kiingilio. Wapo wasemao kumbukumbu zina makumbusho yake, ofisi ibaki ya kazi. Siafiki hata kidogo. Makumbusho huendewa na mwenye hamu. Ofisi ya serikali huendewa na kila mwenye shida. Tena serikali yenyewe iliendelea kuchimba hata baada ya mifupa kuonekana, hadi Wamarekani Weusi walipoandamana na kukesha, ndipo Bunge la Marekani likasimamisha uchimbaji mwaka 1992.